Mwenyeji Hakai

Vukoman Plazinić alipona mafua siku ya Jumanne, na Alhamisi akaumwa tena. Mkewe, Dobrila, hakulipenda jambo hilo hata kidogo, lakini Alhamisi hiyo alikuwa na majani mia moja ya kabichi chachu ya kufungia nyama, kilo mbili za kokwa za jozi za kusaga na nguruwe mzima wa kupeleka kwa mwokaji, na mwanamke mwenye kazi kama hizo mbele yake huahirisha wasiwasi mpaka apate pa kukaa. Jumamosi ilikuwa tarehe ishirini Januari, siku ya Mtakatifu Yohane, na hiyo ndiyo slava ya nyumba yao.

Kila ukoo kwetu una mtakatifu wake, na mtakatifu hurithiwa kama shamba, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Siku yake mlango haufungwi. Hakuna anayealikwa wala anayekatazwa. Aliyekuja mwaka jana atakuja na mwaka huu, na asipokuja ndipo watu huulizana kulikoni. Mwenyeji huvaa koti lake zuri, huwasha mshumaa, halafu husimama. Hakai. Wageni wakila amesimama, wakinywa anawamiminia, wakicheka anacheka nao akiwa wima vilevile. Vukoman alikuwa amesimama slava thelathini na sita tangu baba yake afe, na alijisifia jambo hilo kuliko lingine lolote. Na huyu bwana, jamani, kujisifia alikujua.

Maisha yake yote alikuwa mkata tiketi katika treni ya kwenda baharini. Abiria walikuwa wakipitiliza stesheni zao kwa kusikiliza hadithi zake, na wengine walishuka wakimshukuru.

*

Mafua ya kwanza hayakumtisha mtu. Yalianza kama yanavyoanza ya kila mmoja wetu Januari: chafya, mafupa kuuma, homa ya siku tatu, na malalamiko ya siku nne. Jumatatu Dobrila alikwenda zahanati kuchukua dawa zake za presha, akachukua nafasi hiyo kumuuliza daktari Ranka habari za mumewe.

"Ana mafua makali, daktari. Homa imefika thelathini na nane na nusu. Nimlete?"

"Maji anakunywa?"

"Huyo? Anakunywa kila kitu."

"Na kuongea anaongea?"

"Ukimziba mdomo ataongea kwa masikio."

Daktari Ranka alicheka. Nje ya chumba chake walikuwa wamekaa wazee ishirini wakikoholeana.

"Basi mwache nyumbani, usiniletee aje kuniambukizia hawa. Alale, anywe vitu vya moto, ameze kidonge cha homa. Mafua mengi huisha yenyewe, mimi hapa sina cha kumwongezea." Alikwisha kuita jina la mgonjwa mwingine, kisha akamshika Dobrila mkono. "Ngoja kwanza. Mzee ana miaka mingapi?"

"Sitini na tisa."

"Una karatasi?"

Dobrila hakuwa na karatasi nyingine ila orodha ya vitu vya slava. Aliigeuza, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya daktari: akipona halafu homa irudi. Akikosa pumzi bila kufanya kazi yoyote. Kifua kumchoma akivuta hewa. Akianza kusema yasiyoeleweka.

"Hilo la mwisho kwa mume wangu nitalijuaje?" Dobrila aliuliza.

"Utalijua tu. Sikiliza, mama. Ukiona hata moja, usinipigie simu kuniuliza ufanye nini. Mlete."

Dobrila alishukuru, akarudi nyumbani, akaibandika orodha kwenye mlango wa friji. Upande wa jozi, ngano, mishumaa na divai nyekundu ndio uliotazama jikoni. Maneno ya daktari yaligeukia friji. Kesho yake Vukoman aliamka hana homa, akaomba mayai matatu, akasimulia tangu asubuhi hadi mchana jinsi alivyokaribia kufa.

*

Alhamisi homa iliporudi, nyumba ilijaa matabibu. Kwetu kila mtu ana dawa ya mafua, na dawa zote zinatoka kwenye chupa ileile. Radojko, aliyesimamia ndoa yao miaka thelathini na minane iliyopita, na kwetu msimamizi wa ndoa ni zaidi ya ndugu, alikuja na lita nzima ya rakia, pombe kali ya plamu.

"Nusu ya kunywa, nusu ya soksi," aliamuru.

Dobrila alichovya soksi za sufu kwenye rakia, akamvisha mgonjwa miguuni zikiwa zimelowa, akamsugua kifua kwa mafuta ya nguruwe. Chumba kilinuka kama harusi ya watu wasio na adabu.

"Hili ni la upepo," Radojko alisema, akiangalia dirisha kwa macho ya askari. "Nani alifungua dirisha humu?"

"Hakuna aliyefungua," Dobrila alisema.

"Mtu amefungua. Upepo ukipita baina ya mlango na dirisha, mtu kwisha. Marehemu mjomba wangu alikaa kwenye upepo kama huo dakika tano tu!"

"Mjomba wako aligongwa na trekta," Vukoman alisema kutoka kitandani.

"Aligongwa kwa sababu shingo ilikuwa imekaza, hakuweza kugeuka kuliona!"

Walicheka wote. Vukoman naye alicheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu, mkono ameubana ubavuni upande wa kulia.

Senka, binti yao, alikuwa mlangoni na mkoba wa kazini begani. Alikuwa na miaka thelathini na minne, alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, na alikuwa akishona suruali za jinzi katika kiwanda cha ng'ambo ya mto. Ni mtoto pekee wa nyumba hiyo.

"Baba, twende zahanati kesho asubuhi. Nitaomba ruhusa kazini."

"Kesho? Kesho ni siku moja kabla ya slava."

"Ndiyo, na leo ni siku mbili kabla ya slava, na wewe unaungua."

"Nikienda, yule daktari ataniambia nilale. Anajua kusema hilo tu. Nikilala, nani atasimama?" Alimtazama binti yake kwa upole. "Jumapili, mwanangu. Jumapili nitakwenda popote utakapo."

Senka alimgeukia mama yake. Dobrila alikuwa anakamua soksi.

"Jumapili," Dobrila alisema, bila kuinua macho.

Hapa inafaa tuseme ukweli, kwa sababu baadaye Dobrila mwenyewe aliusema. Alikuwa anaogopa. Lakini sisi watu wa huku tuna kabati moja kubwa tunaloweka kila kitu kigumu, na kabati hilo linaitwa baada ya slava. Jino linalouma, paa linalovuja, mazungumzo na mume, yote yanaingia humo.

Alipokuwa anaondoka, Radojko alimnong'oneza Dobrila uani, akidhani Senka hasikii. "Mwache asimame, shemeji. Mtu hana mwana wa kiume. Slava hii inakwisha naye, unajua hivyo, na yeye anajua. Mwache aisimamie maadamu yupo." Senka alisikia kila neno. Aliingia ndani, akaanza kusaga jozi.

*

Jumamosi theluji ilianguka tangu alfajiri. Padri alikuja mapema, akakata mkate na Vukoman, wakaunyunyizia divai, akaenda zake kwa nyumba nyingine kumi na moja zinazomngoja. Kuanzia saa tano wageni wakaanza kuingia, wakikung'uta theluji mlangoni.

"Slava njema, mwenyeji!"

"Na iwe ya sote! Karibu, karibu ndani!"

Kila mgeni alipokewa na Senka kwa sinia la ngano ya slava, ile iliyochemshwa ikasagwa na jozi na sukari. Mgeni anachota kijiko kimoja, anajifanyia ishara ya msalaba, anaingia. Fehim, jirani wa nyumba ya pili, Mwislamu, hakufanya ishara ya msalaba. Alisema bismillahi yake kimya kimya, akala vijiko viwili, kama alivyofanya kila mwaka kwa miaka thelathini.

"Kijiko cha pili ni cha nini, bwana Fehim?" Senka alimtania.

"Cha mke wangu. Miguu inamuuma, nimemwakilisha."

Dobrila alikuwa na sufuria yake Fehim pembeni, nyama ya ng'ombe ndani ya majani ya kabichi, na chombo chake cha kupakulia, na ole wake mgeni atakayeingiza kijiko cha nguruwe humo.

Kufikia saa saba walikuwa watu ishirini na wawili katika sebule ya watu kumi. Jiko la kuni liliwaka, sigara ziliwaka, nyuso nazo ziliwaka. Vukoman alisimama kichwani mwa meza na koti lake jeusi, chupa ya rakia mkononi, shavu jekundu. Alipendeza kweli. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye paji la uso hadi kwenye kola, na kila aliyeliona alisema ni la jiko.

Kisha ukafika wakati wa hotuba yake. Ilikuwa inajulikana mtaa mzima. Inaanza na babu wa babu aliyeshuka kutoka milimani na mbuzi wawili, inapitia vita vitatu, treni, bei ya plamu na kila mgeni mezani kwa jina lake, na mara nyingi nguruwe alipoa kabla haijafika kwenye amina. Radojko alivua saa yake, akaiweka mezani mbele ya watu.

"Mwaka jana dakika thelathini na moja," alisema. "Nani anasema thelathini na tano?"

"Arobaini!" mtu alidakia.

Vukoman aliinua glasi. "Ndugu zangu," alisema, akavuta pumzi. "Mmekuja." Akavuta tena. "Nimefurahi... sana." Alitazama mezani kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. "Mungu awape... afya."

Akanywa.

Radojko alitazama saa yake, akamtazama rafiki yake, macho yakamjaa machozi.

"Mnaona?" alisema. "Mtu akikua, hahitaji maneno mengi. Hiyo imenigusa kuliko zote!"

Watu wakapiga makofi. Wengine walifuta macho kwa vitambaa vya meza. Mmoja alisema hata padri hajawahi kuhubiri vizuri hivyo, na wakaanza kupakua nyama, wakashukuru kimoyomoyo kwamba ilikuwa bado ya moto.

Dobrila alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na bakuli la saladi. Hakupiga makofi. Miaka thelathini na minane alikuwa akimwombea mume huyu afupishe maneno, na sasa alipoyafupisha, alitamani ayarefushe. Alimwona akizunguka nyuma ya viti, mkono ukishika mgongo wa kila kiti anachokipita, mpaka akafika dirishani. Akavuta komeo, akafungua dirisha lote.

Theluji iliingia ndani.

"Upepo!" wanawake watatu walipiga kelele kwa pamoja. "Vuko, utatuua! Kuna mlango wazi huku!"

Radojko aliruka akalifunga. Vukoman alimsogeza kwa kiwiko, akalifungua tena, akatoa kichwa nje kama abiria wa treni, mdomo wazi.

Mtu huyu alikuwa amepigana na madirisha maisha yake yote. Alikuwa anaziba nyufa kwa magazeti Septemba na kuyatoa Mei. Dobrila aliweka bakuli chini, akarudi jikoni, akabandua orodha kwenye friji, akaigeuza. Alisoma mistari minne. Alisoma tena wa pili, ingawa hakuhitaji. Miguu yake ilitaka kukaa, akaikatalia.

*

Aliingia sebuleni na karatasi mkononi, akamwekea mumewe kiganja kwenye paji la uso mbele ya watu wote, jambo ambalo kwetu mke hamfanyii mwenyeji siku ya slava.

"Tunakwenda."

"Wapi?"

"Kwa daktari."

"Jumapili."

"Sasa hivi, Vuko."

"Mwanamke," alisema, akavuta pumzi, "una wageni."

"Nina mume."

Hakuna aliyetafuna. Midomo ya Vukoman haikuwa na rangi yake, na sasa yale aliyotangulia kuyaona Dobrila waliyaona wote, mmoja baada ya mwingine, wakayaonea haya makofi yao. Senka alikuwa tayari na simu sikioni. Gari la wagonjwa lilikuwa limepanda mlimani kumchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa. Kwa theluji hii, labda lingechukua saa moja na nusu kufika.

"Nani ana gari?" Dobrila aliuliza.

Kila mtu alikuwa na gari. Na kila mtu alitazama glasi yake. Radojko alisimama, akashika meza, akakaa tena.

"Mimi nimekunywa kahawa tatu," alisema Fehim kutoka kona yake. Alikuwa anafunga koti.

Lakini Vukoman hakusogea. Alishika chupa kwa mikono miwili. "Siondoki. Mshumaa unawaka. Nyumba haina... mtu wa kusimama."

"Nitasimama mimi," Radojko alisema, akilia waziwazi sasa. "Nenda, ndugu yangu, nitakusimamia kama nilivyokusimamia kanisani."

"Wewe una mtakatifu wako. Mtakatifu Nikola. Huyu ni wa kwetu."

"Basi nitasimama mimi," Senka alisema.

Alikuwa amevaa aproni, mikono ina unga wa sukari. Watu walimtazama, halafu wakatazamana.

"Senka, mwanangu," Radojko alianza kwa upole, "hakuna anayekudharau. Lakini si desturi. Slava hufuata mwana wa kiume. Msichana huolewa, huenda kwenye slava ya mumewe."

"Nilikwenda, mzee wangu. Nimerudi."

Mtu mmoja alikohoa. Fehim alikuwa na mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Gari inawaka," alisema. "Mkishakubaliana huyu mtakatifu ni wa nani, mtanikuta nje."

Vukoman alimtazama binti yake. Mdomo ulifunguka, na kila aliyemfahamu alijua kwamba hapo kulikuwa na mengi ya kusema, juu ya babu wa babu na mbuzi wake wawili, na juu ya mtoto mmoja aliyemzaa ambaye kwa miaka mingi watu walimpa pole kwa ajili yake. Hakuwa na hewa ya kulisema hata moja. Alinyoosha mkono, akampa chupa.

Viatu ndivyo vilivyomshinda. Aliinama mara mbili kuvifunga, na mara mbili akainuka akitweta. Dobrila alipiga magoti kwenye maji ya theluji mlangoni, akafunga kamba moja, akafunga ya pili, na wageni ishirini na mmoja wakatazama sahani zao ili asionekane. Alipotoka, amejiegemeza kwenye bega la mkewe, aligeuka.

"Usikae," alimwambia Senka.

*

Nyuma yao sebule ilikuwa kama nyumba ya msiba. Wengine walikwisha kusimama kutafuta makoti. Senka alivua aproni, akaitundika kwenye ndoano, akaenda kusimama kichwani mwa meza, mahali ambapo hajawahi kusimama mtu mwenye sketi.

"Kaeni," alisema. "Baba akisikia mmeondoka bila kahawa, hatapona kwa makusudi."

Mtu alicheka, na kicheko kikawavuta wengine. Wakakaa.

Alimimina. Wageni wapya walikuja, wakasema slava njema wakimtafuta mwenyeji kwa macho, na Senka aliwajibu na iwe ya sote kila mara kama vile yeye ndiye waliyemtafuta. Saa kumi miguu ilianza kumwaka, kwa sababu mshonaji hufanya kazi ameketi. Radojko, ambaye hakuwa amekunywa tena hata tone, alimsogezea kiti kwa mguu, polepole, chini ya meza.

"Kaa kidogo, mwanangu. Hakuna anayeona."

"Nimesimama vizuri, mzee wangu."

Kulipokuwa kunaingia giza simu iliita. Sauti ya Dobrila ilitoka mbali, nyuma yake mashine ikilia.

"Wamempiga eksirei. Ni nimonia, pafu lote la kulia. Wamemwekea oksijeni." Akapiga kamasi. "Daktari Ranka amekuja kumwona. Ameniuliza, mama, nilikuambia hata moja, mlikuwa na ngapi? Nikamwambia tatu. Akasema, mlikuwa mnangoja nini? Nikamwambia slava. Hakunigombeza, Senka. Alinitazama tu, na heri angenigombeza."

"Mama, atapona?"

"Wanasema ameletwa kabla ya mambo kuharibika. Wanasema kesho ingekuwa habari nyingine." Kukawa na kishindo na minong'ono. "Ametoa barakoa. Rudisha hiyo, Vuko! Anauliza umekaa?"

"Mwambie sijakaa."

"Anauliza, hata kula?"

"Mwambie nimekula nimesimama kama farasi."

Mgeni wa mwisho alikuwa Radojko. Senka alipochukua divai kuuzima mshumaa, kama afanyavyo mwenyeji siku ikiisha, mzee huyo aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akasimama wima kando yake, mikono ameinyoosha mapajani, mpaka moshi ulipokwisha.

*

Vukoman alilala hospitali siku kumi na mbili. Huko, dawa ilipoanza kumkolea, aliwafanya wagonjwa wawili wa chumba chake waombe kuhamishwa. Siku aliyoruhusiwa, Fehim alikwenda kumchukua kwa gari lilelile, na Dobrila akakaa nyuma na begi la nguo magotini. Njia nzima alisikiliza pumzi ya mumewe, kama alivyokuwa akiisikiliza kila siku tangu ile Jumamosi, na alikuwa bado hajajisamehe lile neno Jumapili.

Senka aliwasikia wakipanda ngazi. Alfajiri, kabla ya kwenda kazini kuomba ruhusa, alikuwa amechemsha ngano, akaisaga na jozi zilizobaki, na hakumwambia mtu. Alifungua mlango akiwa na sinia mkononi, kijiko juu yake, glasi ya maji pembeni.

Vukoman alisimama kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Alikuwa amekonda, koti jeusi lilimning'inia. Alilitazama sinia, akamtazama binti yake, na Dobrila nyuma yake akashika ukuta, maana hakujua mzee atafanya nini. Mwenyeji hapokewi kwa ngano. Ni mgeni anayepokewa.

Vukoman alivua kofia. Alichota kijiko kimoja, akajifanyia ishara ya msalaba, akala taratibu.

"Slava njema, mwenyeji," alisema.

Senka alilishika sinia kwa mikono miwili.

"Na iwe ya sote, baba. Karibu ndani."

Aliingia. Mezani kulikuwa na supu ya kuku, mkate na Radojko, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya gazeti akijifanya anasoma. Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi kidogo, upana wa vidole viwili. Hakuna aliyekiri kulifungua, na Radojko alikuwa amejifunga skafu hadi puani. Vukoman aliliona, akalipita bila neno. Alifika kichwani mwa meza, mahali pake pa slava thelathini na sita, akampisha Senka. Kisha akavuta kiti cha pembeni, akakaa.

"Sasa," alisema, "ile hotuba niliyowakatia njiani ilikuwa inaanza na babu wa babu yangu, aliyeshuka kutoka milimani majira ya baridi na mbuzi wawili, mmoja kipofu, na theluji ilikuwa inamfika kiunoni, na hakuwa na mwana wa kiume naye, mlikuwa hamjui hilo, alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo ndiye aliyetangulia mbele akimfungulia njia kwa koleo."

Aliyasema yote kwa pumzi moja. Dobrila alikuwa akihesabu. Supu ilikuwa inapoa, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakumwambia afupishe.